Bando nililolipia ni langu: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano

Kayole, Nairobi

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Waiyaki Way, Nairobi.

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

KUH: BANDO LINALOKUFA KABLA HALIJATUMIKA

Mimi ni mshonaji wa nguo. Kando ya cherehani yangu kuna daftari la vipimo vya wateja: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Tangu Januari, kurasa za nyuma za daftari hilo nimezifanya za simu. Kila nikinunua salio au bando naandika siku, saa na bei, na muda ukiisha naandika kilichokuwa kimebaki. Nilianza kwa sababu sikuelewa hela zangu za simu zinaishia wapi. Sasa naelewa, na nimeona nikuandikie hadharani ili wenzangu wanaonunua bando la shilingi ishirini ishirini nao wasome.

Ngoja nikufungulie ukurasa mmoja. Jumanne, saa mbili usiku, nilinunua bando la shilingi 99, GB 1 ya saa 24. Nilitaka kuongea na kakangu aliye Leicester, Uingereza, juu ya karo ya mtoto na miguu ya mama inayomsumbua. Tuliongea kwa WhatsApp dakika 22. Nilipokata nikaingia kwenye mipangilio ya simu kuona nimetumia kiasi gani: MB 11. Nikapiga hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Maongezi yote yale yamekula shilingi moja na senti kidogo.

Kesho yake asubuhi nikampigia mama, yuko Mbooni, Makueni. Mama ana mulika mwizi, ile ya vitufe, na hataki nyingine kwa sababu ile inakaa na chaji siku nne. Huko hakuna WhatsApp, kwa hiyo nilipiga simu ya kawaida, na dakika moja inanikata zaidi ya shilingi 4. Nilimkatiza akiwa katikati ya habari ya mbuzi aliyepotea. Kama ningeongea naye dakika 22, jinsi nilivyoongea na kakangu, ningelipa zaidi ya shilingi 88. Kaka yuko ng'ambo, mama yuko safari ya saa chache tu kwa matatu, na ni mama ninayemkatiza.

Najua kuna bando la dakika pia. Ninalo daftarini, na lenyewe huisha saa sita usiku likiwa na dakika ambazo sijazigusa.

Sasa nirudi kwenye lile bando la shilingi 99. Jumatano stima ilipotea mtaani kwetu kuanzia saa saba mchana. Simu ikazima. Stima iliporudi ilikuwa saa tatu kasoro usiku, na saa 24 zilikuwa zimekwisha. Kabla simu haijazima nilikuwa nimeandika kilichobaki: MB 640. Sikuzitumia wala sikumpa mtu. Nilizilipia pesa taslimu, mapema, kabla ya kupewa huduma yoyote, na zikatoweka.

Hayakuishia hapo. Kwenye laini nilikuwa nimeweka shilingi 100 za kumpigia mama Jumapili. Simu ilipowaka, data ilikuwa imewashwa, programu zikaanza kujisasisha zenyewe, na kwa kuwa bando halikuwepo, kampuni ikaanza kukata kwenye salio. Nilikuwa jikoni nikisonga ugali. Niliporudi chumbani nikakuta ujumbe: salio lako limekwisha. Wiki iliyofuata kijana mmoja wa duka la simu alinionyesha kuna mahali pa kuzima jambo hilo, ndani ya menyu ambayo sikuwahi kuifikia. Nilimshukuru sana. Lakini Bwana Mkurugenzi, ruhusa ya kula salio la mtu huombwa kwanza. Mwenye salio hapaswi kuitafuta menyu ya kukataa kitu ambacho hakuwahi kukikubali.

Siisemi kampuni yangu kwa jina, maana sikuandika barua hii kwa ajili ya kampuni moja. Nimewauliza wateja wangu wenye laini tofauti tofauti na kila mmoja ana kisa chake. Tena mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwezi Oktoba 2019 Safaricom ilileta bando za data na maongezi zisizo na muda wa kuisha. Ninazitumia mara moja moja. Shida ni kwamba kwa shilingi ile ile unapata MB chache kuliko za bando la siku, na mtu wa kipato cha siku, ambaye leo ana shilingi 50 na kesho hajui, hununua penye MB nyingi. Anayeweza kulipia mwezi mzima hupata muda wa kutosha wa kutumia alicholipia. Sisi wa kununua kwa siku hukimbizana na saa. Mafuta ya taa tulikuwa tukiyanunua kwa kipimo kidogo pale dukani, na kipimo kidogo ndicho kilichokuwa ghali, lakini hata hayo hayakumwagwa ifikapo saa sita usiku.

Jambo hili linaweza kurekebishwa kwa kanuni. Afrika Kusini walifanya hivyo. Tangu mwaka 2019, mdhibiti wao wa mawasiliano, ICASA, anazitaka kampuni zimtumie mteja ujumbe bando linapofika asilimia 50, asilimia 80 na linapokwisha kabisa. Zimpe njia ya kusogeza mbele data ambayo hajatumia na njia ya kumpa mtu mwingine. Na zisimtoze bei ya nje ya bando mpaka akubali. Mwezi Desemba mwaka huo huo, Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitoa ripoti iliyosema wazi kwamba wanaonunua bando ndogo hulipa zaidi kwa kila MB kuliko wanaonunua kubwa, ikazitaka Vodacom na MTN zishushe bei. Kampuni hizo zinaendelea na biashara mpaka leo.

Na hapa kwetu Mamlaka imewahi kuonyesha nguvu zake. Mwaka 2010, mkingali mnaitwa Tume, mlishusha ada ambayo kampuni ya mpigaji huilipa kampuni ya mpokeaji, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Nakumbuka Agosti ile. Zain, ambayo sasa ni Airtel, ilishusha simu hadi shilingi 3 kwa dakika na ujumbe hadi shilingi 1, wengine wakalazimika kufuata, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimpigia mama bila kuangalia saa. Kabla ya hapo tulikuwa watu wa kubip. Mlio mmoja nimefika, miwili nipigie. Ada ile imeendelea kushuka: shilingi 0.99 mwaka 2014, shilingi 0.58 Agosti 2022, shilingi 0.41 kuanzia Machi 2024. Haifiki sehemu ya kumi ya ile 4.42. Lakini bei ya dakika ninayoilipa mimi haikushuka kwa kasi hiyo, na ningependa Mamlaka ituambie, kwa Kiswahili cha kueleweka, tofauti hiyo imebaki wapi.

Mtaniambia kuna ushuru. Najua. Mwaka 2021 ushuru wa bidhaa kwenye simu na intaneti ulipandishwa kutoka asilimia 15 hadi 20, mwaka 2023 ukarudishwa 15, na VAT iko pale pale juu yake. Hayo ni ya Hazina na Bunge, nitawaandikia wao. Muda wa bando kuisha hauwekwi na Hazina.

Mtaniambia pia mteja ana uhuru wa kuhama. Ni kweli tangu Aprili 2011 mtu anaweza kuhama kampuni na namba yake. Lakini mimi laini yangu ndiyo kibeti changu. Wateja wananilipa kwa M-Pesa kwenye namba hiyo, wengine wamelikariri jina linalotokea kabla ya kutuma, na ukihamisha namba huduma ya pesa haihami nayo. Kutuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine kulianza mwaka 2018, nashukuru, ila hakujaniwezesha kuiacha laini yangu. Kwa hiyo nafanya wanavyofanya wengi Nairobi: natembea na laini mbili, moja ya pesa na ya kupokea simu, nyingine ya bando, nikibadilisha kulingana na ofa ya wiki.

Nisieleweke kwamba nimekaa tu nikilalamika. Tumejifunza kubana matumizi, na yaliyofanya kazi nayaandika hapa kwa faida ya msomaji. Kwenye WhatsApp nimezima kupakua picha na video zenyewe, maana kundi la ukoo peke yake lilikuwa linanila kuliko simu zote za kakangu. Nimewasha pia mpangilio wa kutumia data kidogo kwa simu. Sauti inakwaruza kidogo lakini maneno yanasikika. Simu ya video ni ya sikukuu, kwa sababu inakula mara nyingi zaidi ya sauti. Programu zisasishwe penye waifai tu. Nikimaliza kutumia data nazima, siiachi usiku kucha.

Kubwa kuliko yote ni chama chetu. Vibanda vinne vilivyopangana, mimi, msusi, mama wa nyanya na fundi wa simu, tunachanga kila mwezi tulipie intaneti ya kisanduku kimoja kinachokaa kwa msusi. Fundi ndiye anayeshika neno la siri, na anayechelewa kuchanga anajua. Nikiwa kazini sinunui bando kabisa. Mteja aliye Ruai hunitumia picha ya mshono, tunapatana kwa simu ya WhatsApp, na vipimo natumiwa kwa ujumbe wa sauti. Mwezi wa kwanza wa chama daftari lilionyesha nimetumia chini ya nusu ya mwezi uliotangulia.

Lakini chama hakimfikii mama. Simu ya intaneti inahitaji simu janja huku na kule, data huku na kule, na mtandao usioyumba. Mtu akizidiwa usiku hutafuta simu ya kawaida, na wazee wengi hawana nyingine. Kwa hiyo msije mkasema kwamba WhatsApp imetutatulia tatizo. Imewatatulia walio na simu janja. Bei ya dakika ya kawaida bado ni suala la watu wasiosikika mitandaoni, na nawaombea hao kwanza.

Ninachokuomba ni hiki. Weka kanuni kwamba bando la siku au la wiki lisipotumika lote, kilichobaki kisogee mbele mteja anaponunua jingine, na aweze pia kumpa mtu mwingine kabla muda haujaisha. Weka kanuni kwamba bando likiisha, data isimame mpaka mwenye laini akubali mwenyewe kuendelea kwa salio, na hali hiyo iwe hivyo tangu siku laini inaposajiliwa. Ujumbe wa kumtahadharisha uje mapema na kwa Kiswahili. Mama yangu anasoma Kikamba na Kiswahili, na amekuwa akifuta jumbe za kampuni bila kuzisoma. Na kwenye tangazo la kila bando iandikwe bei ya MB moja au ya dakika moja, ili anayenunua la shilingi 20 alilinganishe na la shilingi 1,000 bila kuhitaji daftari kama langu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidi kikamilifu alichonunua. Kwa ombi hilo la bei, sheria ya nchi tayari iko upande wetu.

Kampuni zitasema minara ina gharama na data haiwekwi ghalani kama mahindi. Ninakubali minara ina gharama. Lakini MB 640 zangu za Jumatano ile zilikuwa zimeshalipiwa, na mnara haukuzibeba. Kama ingeruhusiwa nizitumie Alhamisi, mtandao ungefanya Alhamisi kazi ile ile niliyoilipia Jumanne.

Mkifungua maoni ya umma juu ya kanuni hizi, tafadhali msiyaweke hotelini saa tatu asubuhi siku ya kazi. Njooni Kayole, Githurai au Kawangware Jumapili mchana, tutajaa. Daftari langu limefika ukurasa wa 31 wa simu na bado naandika kila siku. Nitalileta Waiyaki Way siku yoyote mtakayoniita, mlipitie mstari kwa mstari.

Wako mwaminifu,

Mshonaji wa nguo,
Kayole, Nairobi