Mbao mbili za futi 14 hazitoi mashua ya futi 28

Wateja wengi wanaotaka kujijengea mashua nyumbani hufika kwenye karakana yetu ya mashua hapa Majanji, ufuoni mwa Ziwa Viktoria, wakiwa wameshanunua mbao. Zimepangwa uani Lumino au Masafu, seremala wa vitanda na milango ameshapatikana, kilichobaki ni sisi kuwachorea umbo. Tunafurahi kusaidia, lakini kabla ya kalamu kushikwa tunauliza mbao ni za urefu gani. Jibu karibu siku zote ni futi 14, kwa sababu ndizo zinazouzwa kwa wingi kwenye maduka ya mbao Uganda. Na hesabu ya mteja ni kwamba 14 na 14 ni 28, basi kazi imekwisha. Hesabu hiyo imewapotezea watu pesa nyingi, na tungependa uisome hapa kabla hujatoa shilingi.

Kwa nini 28? Tangu 2017, jeshi lilipopewa kazi ya kusimamia uvuvi, mashua ya mbao iliyo chini ya futi 28 imekuwa haipiti Ziwa Viktoria upande wa Uganda. Nyingi zilikatwakatwa na kuchomwa moto mialoni, yaani kwenye maegesho ya mashua ufuoni. Maelezo ya serikali ni kwamba mashua fupi hubaki karibu na ufuo, kwenye maji ya kina kidogo ambako samaki huzaliana, na huko ndiko anakopatikana mbuta (sangara) ambaye hajafika inchi 20, kipimo cha chini kinachoruhusiwa. Tena mashua fupi haivumilii wimbi la katikati ya ziwa. Familia nyingi ziliumia na mioto ile, na bado tunaona uchungu tukikumbuka. Ila anayenunua mbao leo apime kwa kanuni za leo. Kanuni hubadilika, kwa hiyo nenda kwanza kwa afisa wa uvuvi wa wilaya na kwa viongozi wa mwalo unakotaka kuegesha, uulize urefu, leseni ya chombo na usajili. Ukienda ng'ambo, Sio Port au Port Victoria, hayo ni maji ya Kenya na yana taratibu zake.

Sasa turudi kwenye hesabu. Mbao mbili haziungwi kwa kugusanisha ncha. Kiungo cha namna hiyo hufunguka ubao unapopindwa, na kikivumilia kupindwa, hufunguka kwenye wimbi. Tunachonga kila ncha kwa mshazari, moja ilale juu ya mwenzake, na mshazari unaofaa ni mara nane ya unene. Ubao wa inchi 1 unakula inchi 8. Hapo 28 imeshakuwa futi 27 na inchi 4. Kisha ubao unazungushwa tumboni mwa mashua, na urefu wa mashua haupimwi kwa kufuata tumbo. Unapimwa kwa kamba iliyonyooka kutoka omo, yaani mbele, hadi tezi, yaani nyuma. Mashua yenye upana wa futi 5 katikati itapoteza inchi kadhaa nyingine. Unaishia na futi 27 au pungufu, chombo kizuri, kimepakwa rangi, na hakiwezi kuingia majini kihalali. Kurefusha mashua iliyokwisha kufungwa ni kazi ngumu kuliko kuijenga upya.

Kwa hiyo sisi hulenga futi 29, na kila mstari wa mbao huwa na kipande cha tatu. Kipande hicho kifupi kiende tezini, ambako ubao haupindi sana. Ukikipeleka omo kitakataa kukunjika, au kitapasuka kwenye msumari. Viungo vya mistari inayopakana viachane kwa angalau mbavu tatu (mbavu ni miti ya ndani inayoshika umbo la mashua), visije vikakaa juu ya kimoja na kingine, maana hapo ndipo mashua inapovunjika mgongo. Tumia gundi isiyoogopa maji, na kwa ndani weka ubao wa kushikiza kiungo. Toboa tundu kwanza kwa keekee kabla ya kupiga msumari, na msumari uwe uliopakwa zinki.

Kuhusu aina ya mti, tutasema waziwazi. Mvule ndio bora kwa mkuku, ule uti wa mgongo wa chini ya mashua, na kwa mbao za chini, lakini umekuwa adimu na ghali, na mvule usio na karatasi za msitu utakuletea maneno njiani. Musizi ni mwepesi na unapinda vizuri. Tunaupenda kwa mbao za juu, lakini huoza mapema ukikaa kwenye maji ya ngamani, yale yanayotuama chini ndani ya mashua. Mkaratusi, wengi hapa wanauita kalitunsi, una nguvu na bei yake inavutia, ila hujipinda na kupasuka ukikauka haraka. Usiutumie ubavuni. Mti wowote utakaochagua, uwe mkavu. Mbao mbichi ikipigiliwa leo, mwezi ujao utaona mwanga wa jua ukipenya katikati ya mistari.

Jambo ambalo seremala wa nyumba huwa halijui ni pamba ya kuziba mianya kati ya mbao. Mbao mbili zinapokutana zinatakiwa kugusana kabisa kwa ndani, na kwa nje ziache mwanya mwembamba wa kupitisha ncha ya patasi butu. Pamba husokotwa kwa kiganja juu ya paja mpaka iwe uzi mnene kama kalamu ya risasi, kisha inaingizwa kidogokidogo kwa vitanzi, patasi ikigongwa kwa nyundo ya mti. Mwanzoni mlio ni mzito, umefifia. Pamba ikikaa sawasawa, mlio unakuwa mkavu na wa juu. Hapo acha. Anayeendelea kugonga akidhani anaongeza usalama anajiharibia, kwa sababu ubao ukilowa huvimba, na mwanya uliojazwa kupita kiasi unasukuma ubao mpaka ung'oke kwenye misumari. Juu ya pamba hupakwa lami, na juu ya lami hupigiliwa ukanda mwembamba wa bati.

Kazi hii ya pamba usiifanye nyumbani. Mashua ya futi 29 ikisafirishwa juu ya lori kwenye barabara ya murramu inajinyonganyonga njia nzima, na pamba yote inalegea. Funga mbao nyumbani, ilete mashua mwaloni, tia pamba hapa, kisha iache ndani ya maji ya ufuoni siku moja au mbili ijinyweshe kabla ya kupakia nyavu. Itaingiza maji mwanzoni. Weka upo, kile chombo cha kutekea maji, karibu, usishtuke. Ikiendelea kuvuja baada ya hapo, tuite.

Na ubao wa tezi, ule unaobeba injini, usiukate kabla ya kununua injini yenyewe. Injini ya mguu mfupi inataka kimo cha inchi 15, ya mguu mrefu inchi 20. Tofauti hiyo ndogo ikikosewa, panga la injini, lile linalosukuma maji, linazunguka hewani kila wimbi linapoinua tezi, na petroli inaisha kabla hujafika kwenye nyavu.

Huduma yetu kwa wanaojenga nyumbani ni hii. Tunakukatia mkuku, mbavu zote na ubao wa tezi hapa karakana, tunaziwekea alama, na mbao za ubavuni tunaziunga kwa mshazari kabla hazijaondoka, kwa kuwa kiungo kinahitaji kubanwa mpaka gundi ikauke. Wewe na seremala wako mnafunga. Fundi wetu huja mara mbavu zinaposimama, kabla ya ubao wa kwanza kupigiliwa, kwa sababu mashua iliyopinda hunyooshwa wakati huo tu. Huja tena siku ya pamba mwaloni. Tunafika Lumino, Masafu na Busia mjini. Bei inategemea mti uliochagua, kwa hiyo hatuiandiki hapa.

Hatukati seti fupi kwa ajili ya ziwa, hata mteja akisisitiza kwamba ataitumia usiku tu. Kama unataka mashua ya futi 12 au 14 kwa bwawa lako la samaki nyumbani, hiyo tunakutengenezea kwa moyo mmoja, na kwa ile ya futi 12 ubao mmoja wa dukani unaweza kutosha kila mstari bila kiungo.

Ukija, njoo na upana wa geti lako na wa njia inayotoka uani hadi barabarani. Kama lori haliingii, chagua kiwanja kingine mapema, hata kwa jirani, kabla hatujasimamisha mkuku.