Safari ya Dodoma na tela

Assalaam alaykum jamaa zangu. Jumamosi, baada ya sala ya Alfajiri, tukutane Malindi bandarini, hapa Unguja. Gari na tela vinatusubiri Dar. Kutoka hapo hadi Dodoma ni kiasi cha kilomita 450, kupitia Chalinze na Morogoro.

Naomba sana: masufuria na vitu vizito vikae usawa wa ekseli (chuma kinachobeba magurudumu ya tela), uzito uzidi kidogo upande wa mbele. Mzigo ukilemea nyuma, tela huyumba na kuiyumbisha gari. Safari iliyopita lilituyumba hivyo, na watoto wamo ndani. Sijasahau mpaka leo. Madereva, msikimbize, hasa mteremkoni.

Upepo wa matairi tutapima kabla ya kuondoka, yakiwa baridi, la akiba pia. Nani ana jeki?