Usimletee fundi gia moja

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja alilalamika katika ukurasa huu kwamba gia za kuchongesha hazidumu, na kwamba sisi mafundi tunauza chuma laini kwa bei ya chuma kigumu. Nachonga gia, sproketi (magurudumu ya meno yanayovaa cheni) na puli (magurudumu ya mkanda), ndiyo kazi inayonilisha, na sitambishia kwamba wenye tabia hiyo wapo. Lakini gia nyingi ninazoletewa zikiwa zimekufa mapema hazikuponzwa na chuma. Ziliharibika siku ile ile zilipoagizwa.

Mteja huja na gia moja mkononi, meno matatu yamevunjika, anasema: "Fundi, nitengenezee kama hii." Hiyo aliyoishika imeshalika. Nikifuata vipimo vyake kama vilivyo, nitampa gia mpya yenye ulikaji wa ile ya zamani.

Tuseme gia ina meno 30 yaliyonyooka. Ukubwa wa jino tunaupima kwa moduli, nayo hupatikana kwa kuchukua kipenyo cha nje na kukigawa kwa idadi ya meno baada ya kuiongezea mbili. Kalipa, kifaa chetu cha kupimia kipenyo, ikisoma milimita 80.3, ukagawa kwa 32, unapata 2.51. Fundi mwenye haraka ataandika 2.5 na kuwasha mashine. Sasa, mitambo mingi ya zamani ilichongwa kwa inchi. Gia yenye meno kumi kwa kila inchi ya kipenyo ni sawa na moduli 2.54, na ikiwa mpya, yenye meno 30, kipenyo chake cha nje ni milimita 81.28. Ncha za meno zikipungua kidogo tu, kalipa itakudanganya kwamba ni 2.5.

Hapo pa kukimbilia ni umbali kati ya shafti mbili. Ikiwa gia mwenzake ina meno 60, moduli 2.5 inataka umbali wa milimita 112.5, na ile ya inchi inataka 114.3. Tofauti ya karibu milimita mbili haijifichi. Meno hulika, lakini matundu ya beringi kwenye giaboksi hayahami. Ndiyo maana nawasihi wateja walete gia zote mbili, na giaboksi yenyewe ikibebeka. Gia iliyokosewa hapa si lazima igome kuingia. Inaweza kuzunguka vizuri kwa mkono, kisha ikipewa mzigo ianze kunguruma, kwa sababu jino linabeba kwenye ukingo badala ya ubavu mzima. Na hata moduli zikilingana, kuna pembe ambayo jino husukumia jino lenzake: gia nyingi za leo ni za nyuzi 20, za zamani nyingi ni 14.5, na hizo mbili hazioani.

Kwenye sproketi kosa ni lile lile. Hans Renold alitengeneza cheni ya roli, yaani yenye vigurudumu vidogo vinavyokaa kati ya meno, kule Manchester mwaka 1880, na tangu hapo pichi zake, yaani umbali kutoka roli hadi roli, zimebaki za inchi hata tukiziandika kwa milimita: 12.7, 15.875, 19.05. Watu hutaja pichi wakadhani wamemaliza. Cheni ya nusu inchi ya mfumo wa Ulaya ina roli yenye kipenyo cha milimita 8.51, ya mfumo wa Marekani ina 7.92. Niliwahi kuletewa sproketi ambayo mwenyewe aliapa kwamba tatizo ni cheni, kwa kuwa ilikuwa ikiruka kila mota inapoanza. Niliilaza cheni juu ya sproketi pale mezani. Roli hazikushuka hadi kitakoni. Zilikaa juu zikiegemea mashavu ya meno pande mbili, na mwanga ulipenya chini ya kila roli. Sproketi ile ilichongwa kwa ustadi, tena mkono ulikuwa msafi kabisa, ila ilichongwa kwa cheni nyingine. Aliyeichonga alitajiwa pichi, roli hakuonyeshwa.

Niongeze hapo hapo: cheni iliyorefuka kwa asilimia 3 imekwisha. Ukiivalisha sproketi mpya, itayala meno yake mpaka yapinde kama kulabu, halafu lawama zinarudi kwa fundi.

Puli inaonekana rahisi, lakini mfereji wake una pembe yake. Mkanda wa V ni wa nyuzi 40 ukiwa umenyooka. Ukipinda, pembe yake hupungua, kwa hiyo puli ndogo huchongwa nyuzi 34 na kubwa 38. Ukiona kitako cha mfereji kinang'aa, mkanda unagusa chini na haukamati tena ubavuni.

Kuhusu chuma, msomaji yule ana hoja, na wenzangu waisikie. Chuma laini kisichokaushwa, yaani kisichogumishwa kwa moto, hakifai kwa gia inayopigwa na mishtuko kila dakika. Chuma chenye kaboni ya asilimia 0.45 hivi hukubali kukaushwa meno, kiini chake kikabaki kistahimilivu. Lakini uamuzi huo siwezi kuufanya gizani. Nahitaji kujua nguvu ya mota, mizunguko yake kwa dakika, saa zake za kazi kwa siku, na kama mzigo ni wa taratibu au wa kushtua. Anayeniambia "wewe chonga tu" ananilazimisha kubahatisha na mtambo wake.

Ombi langu kwa mafundi: tukabidhi kila kazi pamoja na karatasi yenye idadi ya meno, moduli au pichi, pembe, aina ya chuma, na kama meno yamekaushwa. Na wateja waidai karatasi hiyo kabla ya kulipa, waitunze pamoja na vitabu vya mtambo. Gia ikivunjika tena, fundi atakayefuata ataanzia kwenye vipimo vya gia ilipokuwa nzima.

Mchonga gia, msomaji wenu