Usilipe Ijumaa

Mwanangu mpendwa,

Picha zako zote kumi na moja nimeziona. Nimeziangalia na miwani, kisha nikazikuza kwenye simu nikaziangalia tena. Nyumba mnayotaka kununua inapendeza, sikatai. Lakini umeniandikia kwamba Ijumaa mnalipa amana, na kwamba rangi ni mpya kabisa, na unalisema hilo kwa furaha. Hapo ndipo nilipoweka kikombe chini.

Rangi ya nyumba nzima sina neno nayo. Mtu akiuza kitu hukipangusa. Ninayoiogopa ni rangi ya ukuta mmoja, au ya pembe moja, iliyong'aa kuliko wenzake.

Ulikuwa mdogo tulipohamia hapa Free Area, labda hukumbuki. Jikoni, pembe ya upande wa tangi, palikuwa na rangi ya krimu mbichi kuliko kwingine. Baba yako akasema wamefunika moshi wa jiko. Tukalipa, tukaingia Januari. Aprili mvua ikanyesha siku nyingi mfululizo, na asubuhi moja nikakuta ufa umeshuka kutoka pembe ya dirisha hadi sakafuni, ukienda ngazi ngazi kwa kufuata saruji kati ya mawe. Nikachomeka sarafu ya shilingi kumi. Ikaingia, ikasimama wima.

Fundi alichimba nje akakuta pembe ile imekaa juu ya majivu. Unaujua udongo wetu huu wa volkano: ukiwa mkavu unashika vizuri, ukinywa maji mengi unalegea na kuzama. Na maji yalikuwepo, maana kiungo cha bomba la tangi kilikuwa kikivujia hapo hapo chini ya ardhi. Kuchimba, kumimina zege chini ya msingi kipande kwa kipande, kuziba na kupiga plasta upya, tulitoa Sh. 96,000 za wakati ule. Kiungo cha bomba kilibadilishwa kwa Sh. 350. Aliyetuuzia alikuwa anajua, kwa sababu chini ya rangi tulikuta ufa umeshazibwa mara mbili. Tulipompigia simu akasema mvua ni kazi ya Mungu.

Sasa wewe unanunua Nyamasaria, huko Kisumu, na huko si majivu, ni udongo mweusi wa tambarare ya Kano, ambao kwangu ni mbaya zaidi. Ukinyeshewa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka hadi mkono unaingia. Nyumba iliyojengwa juu yake bila kuuondoa kwanza hadi kufikia ardhi ngumu, kisha kujaza maramu na kuishindilia, hupanda na kushuka kila mwaka na misimu. Dalili yake unaiona kwenye milango. Fungua kila mlango wa ndani. Ukiona umerandwa juu au chini ili ufunge, uliza kwa nini. Muuzaji akikwambia amechimba futi nne, mwombe picha za msingi. Siku hizi kila mtu hupiga picha mjengo wake.

Si kila ufa ni msiba lakini. Vyufa vidogo kama nywele, vinavyotawanyika kwenye plasta kama ramani, ni plasta iliyokaushwa na jua bila kumwagiwa maji ya kutosha. Vyufa hivyo unavipiga skimu na rangi, kazi ya siku mbili. Ule unaoenda mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, au unaoonekana ndani na nje mahali pale pale, ndio wa kusimama nao. Mimi huweka alama ya penseli mwisho wa ufa na kuandika tarehe ukutani. Ule wa jikoni kwetu bado una tarehe zangu nne nyuma ya friji. Haujavuka ya mwisho.

Paa uliangalie ukiwa ndani ya dari, si kutoka barabarani. Panda saa sita mchana, zima tochi, uangalie juu. Mwanga ukipenya mahali pa misumari, mipira yake imeliwa na jua, na hilo ni jambo dogo: misumari mipya na fundi na mtu wake wa mkono kwa siku moja. Kutu kwenye bonde ambapo mapaa mawili yanakutana ni gharama nyingine, kwa sababu mbao za chini zinakuwa zimeoza pia. Ukiwa huko juu, dunga mbao kwa bisibisi. Ikizama kama kwenye mkate, ni mchwa au ni uozo, na vyote viwili vinamaanisha kuezua. Jirani yetu alibadilisha mbao na mabati ya upande mmoja tu mwaka juzi, akamaliza laki mbili na nusu.

Stima usiichezee. Picha ya bafu inaonyesha shawa ya umeme. Shawa kama hiyo ikiwa ya wati 5,500 inavuta karibu ampea 23, na nimeona mafundi wakiiunga kwa waya wa taa wa milimita moja na nusu. Inafanya kazi vizuri tu, mpaka siku ukuta unapoanza kunuka plastiki. Waya wake uwe wa milimita nne au sita, na uwe na breka yake peke yake. Mwambie fundi wa stima apime na waya wa ardhini. Kuna nyumba zina tundu la tatu kwenye soketi lakini nyuma yake hakuna kitu.

Choo na septiki sitaki kuandika sana maana nataka kula. Flashi vyoo vyote kwa pamoja, kisha nenda nje ufungue kifuniko uone maji yanapita au yanarudi. Na uliza lori la kunyonya lilikuja lini mara ya mwisho. Nyumba ya familia ndogo inayonyonywa kila baada ya miezi mitatu ina shida, hasa kwenye udongo ule usiopitisha maji.

Hela ya amana ni asilimia kumi, na ukishaitoa mdomo wako unakuwa mfupi. Kwa hiyo ukaguzi kwanza. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa, usimchukue fundi ambaye muuzaji amekutajia. Utakachokikuta kiandike na bei yake, muuzaji apunguze au atengeneze wewe ukiona. Akikataa vyote viwili amekujibu.

Mwambie mkwe wangu asinunie. Jumamosi ninapanda matatu ya alfajiri, kupitia Kericho, nitakuwa Kisumu kabla ya chakula cha mchana. Ninakuja na tochi ya baba yako na bisibisi ndefu. Ngazi mtafute nyinyi.

Halafu picha ya nne. Chumba cha kulala hakina kitanda, hakina pazia, hakina hata kiti, lakini kuna kabati kubwa limesimamishwa chini ya dirisha, mahali ambapo mtu yeyote angeacha wazi. Msilisogeze kabla sijafika.

Mama yako,
Nakuru