Shoga, kuhusu ile inhela ya bluu

Shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Leicester, Uingereza, baridi imeanza kunibana kifua kama kawaida yake. Umeniuliza kama ni kweli inhela, hivi vikopo vyetu vya pumu, zinaharibu hali ya hewa au ni maneno ya watu, bwana ni kweli, na mi nimeijua kwa kuaibika. Nilienda kwa nesi wa pumu akachungulia kompyuta akasema mwaka huu umechukua Ventolin, ndo hiyo ya bluu, tisa, tisa! nikajua nasemwa kwa ajili ya kifua changu kumbe na mazingira yamo humo humo.

Dawa yenyewe haina shida, shida ni gesi inayoisukuma itoke, inashika joto zaidi ya mara elfu moja kuliko ile kaboni ya moshi wa gari, yani kikopo kimoja cha Ventolin cha kupuliza mara 200 wanakadiria ni kama kilo 28 za kaboni, zidisha kwa tisa zangu ucheke mwenyewe. Zamani ilikuwepo gesi nyingine, ile iliyokuwa inakula ozoni, lile tabaka la juu linalotukinga na jua, Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaiondoa ikaletwa hii, na hii nayo mwaka 2016 wakakutana hapo hapo kwa jirani zetu Kigali wakakubaliana ipunguzwe pole pole.

Moyoni niliwaka, nikasema watu wanapanda ndege kwenda kuota jua Hispania siku mbili halafu mnanifuata mimi ninayetafuta pumzi? Ila nesi hakuninyang'anya kitu, aliniuliza tu, na ya kahawia unavuta? Nikaanza kujikuna shingo. Kumbe ya bluu inafungua mirija kwa muda tu, ya kahawia ndo inatuliza uvimbe wenyewe, ukiivuta kila siku ile ya bluu inalala kwenye pochi mpaka unaisahau. Sa hivi nimepewa za unga, hazina gesi kabisa, ila unavuta kwa nguvu na haraka, sio taratibu kama zile za kupuliza, siku ya kwanza nilikohoa kama mbuzi.

Sasa we usije ukatupa ya mwanao kwa sababu yangu!! Mtoto wa miaka minne hana pumzi ya kuvuta unga, na bei yake nayo unaijua. Endelea na ile chupa ya maji ya nusu lita uliyoitoboa kitako ukachomeka inhela, dawa inafika kifuani badala ya kuishia kwenye ulimi. Na usitikise kikopo ujue kama kimeisha, gesi inabaki hata dawa ikiisha, we hesabu umepuliza mara ngapi. Kikiisha usikitie kwenye moto wa taka, kinalipuka, huku tunarudisha famasi wanavichoma kwenye tanuru maalumu, ulizia hospitali hapo Tanga wao wanavipeleka wapi.

Halafu nitumie picha ya hiyo chupa, nilimhadithia nesi anataka kuiona.

Wako wa siku zote