Mshindi apewe kipaza sauti

Ndugu Mhariri,

Msimu wa tuzo za uandishi katika idara za Kiingereza za vyuo vikuu umewadia tena. Mabango yamebandikwa kama ilivyo ada: hadithi fupi, ushairi, insha, tamthilia, siku ya mwisho ya kuwasilisha, jina la mgeni rasmi. Nafundisha fasihi na nimekaa katika majopo ya majaji wa tuzo za namna hii, hivyo nazungumzia jambo ninaloliona kwa karibu. Ombi langu ni moja. Hafla ya tuzo iwe mahali pa kusoma kazi za wanafunzi. Mshindi apande jukwaani, apewe kipaza sauti, asome alichoandika.

Asiyezijua hafla hizi atashangaa kwamba jambo hili linahitaji kuombwa. Lakini hali katika idara nyingi ndiyo hii: mkuu wa idara anakaribisha, mkuu wa kitivo anatoa salamu, mgeni rasmi anahutubia juu ya umuhimu wa fasihi, kisha majina yanaitwa. Mwanafunzi anapanda, anapeana mkono, anapokea cheti na bahasha, anapigwa picha, anashuka. Halafu watu wanakwenda kwenye viburudisho. Jioni nzima imepita na hakuna aliyesikia hata mstari mmoja wa shairi lililotangazwa kuwa bora kuliko yote ya mwaka huo. Wenzake wanajua kwamba ameshinda, ila alichoandika hawakijui. Mwaka unaofuata, mwanafunzi mgeni akiuliza kazi zilizoshinda zilikuwaje, hana pa kuelekezwa, maana miswada imebaki kwenye barua pepe za majaji.

Jambo hili linaniuma kwa sababu desturi ya kuwapa washindi nafasi ya kusoma kazi zao si ngeni hata kidogo. Chuo Kikuu cha Oxford kina Tuzo ya Newdigate ya ushairi kwa wanafunzi, iliyoanzishwa mwaka 1806, na kwa miaka mingi mshindi alisimama katika ukumbi wa Sheldonian, siku ya sherehe kubwa ya chuo, akasoma sehemu ya shairi lake. Oscar Wilde, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alifanya hivyo mwaka 1878, angali mwanafunzi, na shairi lenyewe likachapwa kijitabu mwaka huohuo. Nchini Marekani, Chuo cha Mount Holyoke kimekuwa kikiendesha Tuzo ya Glascock tangu miaka ya 1920: washairi wanafunzi kutoka vyuo mbalimbali wanaalikwa, wanasoma mashairi yao mbele ya hadhira, na majaji, ambao wenyewe ni washairi, wapo hapohapo wanasikiliza. Mshairi Sylvia Plath alisoma mashairi yake huko mwaka 1955 akiwa mwanafunzi wa chuo kingine, akashinda kwa kugawana tuzo na mwenzake. Katika mipango yote miwili mwanafunzi alisikika kama mwandishi kabla ya kupongezwa.

Kusoma kwa sauti kunamfanyia mwandishi kijana jambo ambalo cheti hakiwezi. Sentensi iliyoonekana imenyooka kwenye karatasi inakwama mdomoni. Pale alipotarajia watu wacheke, ukumbi unabaki kimya, na mstari aliokaribia kuufuta ndio unaowafanya wote wainue vichwa. Anarudi chumbani akijua la kurekebisha, tena amelijua bila mhadhiri kumwandikia neno pembeni kwa wino mwekundu. Nao walioketi wakisikiliza wanapata kipimo. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akisikia hadithi ya mwenzake wa mwaka wa tatu, anaona kwa masikio yake kwamba kazi nzuri inaweza kuandikwa na mtu anayepanga naye foleni ya maktaba.

Mfano unaonigusa kuliko yote ni wa Makerere. Mwaka 1958 Idara ya Kiingereza ya chuo hicho ilianza kutoa jarida la wanafunzi lililoitwa Penpoint. Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia kwamba mwaka 1960 alimsimamisha Jonathan Kariara, mwanafunzi aliyemtangulia na aliyekuwa akishughulika na jarida hilo, akamwambia ameandika hadithi fupi, je, angependa kuitazama? Hadithi haikuwapo. Maneno yalikwisha kumtoka, ikambidi aende akaiandike, na jarida likaichapa. Miaka miwili baadaye, Juni 1962, Makerere ikawa mwenyeji wa mkutano wa waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza. Ngũgĩ, angali mwanafunzi, alihudhuria, akampa Chinua Achebe mswada wa riwaya aliyokuwa akiihangaikia. Achebe aliusoma, akampa maoni, akausogeza kwa wachapishaji wake. Riwaya ilitoka mwaka 1964.

Tazama alichopewa kijana huyo katika matukio yote mawili. Alipewa msomaji. Kwanza mwanafunzi mwenzake aliyekuwa na jarida mkononi na nia ya kusoma, kisha mwandishi mgeni ambaye hakuja kuhutubia tu na kuondoka. Idara iliyoweka mazingira hayo ilifanya kazi yake, na sidhani kuna anayekumbuka leo hotuba za ufunguzi zilisema nini.

Kwa hiyo ninapoona idara inamwalika mwandishi mashuhuri, inamweka jukwaani saa nzima, huku washindi wa tuzo wakipanga viti na kugawa ratiba, naona nafasi kubwa inapotea. Mgeni huyo angeweza kupelekewa kazi tatu au nne zilizoshinda wiki moja kabla. Mchana wa siku ya hafla akakaa na wenye kazi hizo katika chumba kidogo, mswada mezani, wakazungumza kama watu wa kazi moja. Waandishi wengi hulipokea ombi kama hilo kwa furaha wakiombwa mapema. Tatizo ni kwamba hawaombwi.

Sisemi kwamba fedha hazina maana. Zina maana sana, hasa kwa mwanafunzi anayejilipia masomo. Chuo Kikuu cha Michigan kinatoa Tuzo za Hopwood, zilizoanza kutolewa mwaka 1931 kutokana na wasia wa Avery Hopwood, mwandishi wa tamthilia aliyesoma chuoni hapo na kukiachia sehemu ya tano ya mali yake. Mwandishi wa tamthilia Arthur Miller alipata tuzo hiyo mwaka 1936 na tena 1937. Alikuwa akiosha vyombo apate chakula na kulisha panya wa maabara apate fedha ya matumizi. Tamthilia yake ya kwanza aliiandika katika likizo fupi ya masika. Mshairi Robert Hayden naye alizipata tuzo hizo, na mwaka 1976 akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuteuliwa mshauri wa ushairi katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa watu kama hao bahasha ilinunua muda wa kuandika.

Lakini wasia wa Hopwood una kifungu ambacho ningependa kila jopo la majaji likisome kabla ya kuanza kazi: aliagiza kwamba kilicho kipya, kisicho cha kawaida na kinachovunja mazoea kitiwe moyo kwa namna ya pekee. Majopo yetu hufanya kinyume chake, na nadhani najua sababu. Jopo la watu watatu wanaofundisha idara moja huishia kukubaliana juu ya kazi isiyomkera yeyote. Hadithi ambayo jaji mmoja ameipenda mno na mwingine ameichukia huanguka katikati, na tuzo inakwenda kwa insha safi, yenye adabu, isiyokumbukwa na mtu baada ya wiki mbili. Nimeliona hilo likitokea kwenye meza niliyoketi. Tuzo za Hopwood zinajikinga kwa mambo mawili. Washiriki huwasilisha kazi kwa majina ya kubuni, na uamuzi wa mwisho huachiwa waandishi kutoka nje ya chuo. Idara ndogo inahitaji kinga hizo kuliko hata ile kubwa, maana mhadhiri anayefundisha wanafunzi ishirini katika darasa la uandishi huijua kazi ya kila mmoja kwa aya moja tu, hata jina likifichwa. Jaji mmoja wa nje anatosha kubadili mazungumzo ya meza nzima.

Vipi wale wasioshinda? Hapa ndipo idara nyingi zinawakosea wanafunzi, na zinawakosea kwa kunyamaza. Mtu ametuma hadithi aliyoihangaikia muhula mzima, akangoja, kisha siku ya hafla akagundua jina lake halikuitwa. Hajui kama kazi yake ilifika mwisho wa mchujo au ilisomwa ukurasa mmoja ikawekwa pembeni. Aya moja ya maoni kwa kila aliyewasilisha ingetosha: kilichofanya kazi, kilichokwama, pa kuanzia kuandika upya. Wahadhiri wenzangu wataniambia muda haupo, na najua mlundikano wa mitihani ya kusahihisha ulivyo. Basi idadi ya kurasa ipunguzwe, kila mwanafunzi aruhusiwe kazi moja badala ya tatu, na wanafunzi wa uzamili wapewe mchujo wa kwanza kwa malipo na kutambuliwa. Kama idara haina uwezo wa kuzisoma kazi inazoziomba, iombe chache.

Kuna pingamizi jingine, la wanafunzi wenye haya. Wapo wanaoandika vizuri sana na hawawezi kabisa kusimama mbele ya watu. Wasilazimishwe, rafiki au mwalimu asome kwa niaba yao, nao wakae ukumbini wasikilize. Kazi ndefu zisomwe dondoo la dakika tano. Hata insha ya uhakiki husomeka vizuri ikichaguliwa aya yenye hoja kali, na ningefurahi kuona tuzo ya insha ikiacha kutendewa kama mtoto wa kambo kwenye ratiba.

Lipo pia suala la akili mnemba, ambalo siku hizi huchukua nusu ya kila kikao cha maandalizi. Nimeona idara zikitafuta programu za kugundua maandishi ya mashine, na programu hizo hukosea, zikamtilia shaka asiye na hatia. Mwandishi anayesoma kazi yake mbele ya wenzake, kisha akaulizwa maswali mawili matatu kwa nini hadithi inaanzia pale inapoanzia, anaitetea kwa urahisi kama ni yake. Sidai kwamba hilo linamaliza tatizo, ila linamheshimu mwanafunzi zaidi.

Baada ya hafla kazi zilizoshinda zichapwe. Kijitabu chepesi kinatosha, nakala kadhaa maktabani, moja kwa kila mshindi. Idara iwe mwangalifu kwa jambo moja: majarida mengi ya fasihi hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa kwingine, hata kama ni kwenye tovuti ya idara. Mwanafunzi aambiwe hilo wazi, aulizwe, na haki zote zibaki zake. Asiyetaka hadithi nzima itoke atoe dondoo. Na nikipewa nafasi ya kuongeza kitu kimoja, ningeongeza tuzo ya tafsiri, kwani wanafunzi wengi wa idara hizi wana lugha nyingine vichwani mwao na hakuna anayewauliza wanaweza kufanya nini nayo.

Ratiba za hafla za mwaka huu nyingi bado hazijapigwa chapa. Wakuu wa idara wanaosoma gazeti hili wanaweza kufuta hotuba mbili kati ya tatu wiki hii, wakawapigia simu washindi na kuwaambia waanze kufanya mazoezi ya kusoma.

Wako,
Mwalimu wa fasihi, chuo kikuu