Barua kwa Mwanangu: Mfarishi wa Harusi ya Rafiki Yako

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, salamu zako zimenifikia. Sisi hapa Kentucky hatujambo, baba yako anakusalimu, na mdogo wako amekwisha kurudi shuleni. Nimefurahi kusikia kwamba rafiki yako, yule mliyekaa naye chumba kimoja chuoni, amechumbiwa, na nimefurahi zaidi kusoma kwamba unataka kumshonea mfarishi wa viraka kwa mikono yako mwenyewe. Umeniuliza uanzie wapi. Nitakujibu kwa urefu, kwa kuwa hii ni kazi ya miezi, na anayeianza bila kuielewa huishia na rundo la viraka ndani ya mfuko.

Kabla ya mengine yote, shika jambo hili: mfarishi wa harusi hushonwa ili watu wajifunike. Nimeona zawadi nyingi za aina hii zikikunjwa, zikatiwa sandukuni na kubaki humo, kwa sababu mshonaji alichagua hariri au satini nyeupe isiyovumilia maji, na maharusi wakaogopa kuichafua. Hata kwetu Tanga mambo yalikuwa hayohayo kwa baadhi ya mashuka ya kudarizi, ambayo yalitandikwa siku ya kupamba kitanda na baada ya hapo hayakuonekana tena. Mimi siwalaumu maharusi. Aliyeshona ndiye aliyepaswa kufikiri juu ya usiku wa baridi, mtoto atakayelowesha kitanda, chai itakayomwagika na mashine ya kufulia. Kila uamuzi utakaoufanya, kuanzia kitambaa hadi upindo, uupime kwa swali hilo moja, kwamba je, wataweza kuutumia bila hofu?

Wanawake walionifundisha ukweli huu kwa kazi zao ni wale wa Gee's Bend, kijiji kilicho kwenye kona ya mto Alabama, ambacho kwenye ramani kinaitwa Boykin. Wao ni wazao wa watu waliofanywa watumwa katika mashamba ya pamba ya hapohapo, na mifarishi yao ilishonwa kwa suruali na mashati ya kazi yaliyokwisha kuchakaa, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na hapakuwa na kitambaa kingine. Mwaka 1942 mmoja wao, Missouri Pettway, baada ya kufiwa na mumewe, alizikata nguo za kazi za marehemu akashona mfarishi, ili amkumbuke na ajifunike mfarishi huo. Miaka 60 baadaye, mwaka 2002, mifarishi ya kijiji hicho ilianza kuoneshwa katika majumba makubwa ya sanaa, kwanza Houston na kisha New York, na mwaka 2006 posta ya Marekani ikaichapisha kwenye stempu. Wataalamu waliisifu kwa rangi na mpangilio wake. Mimi ninaposimama mbele ya mifarishi ile huangalia zaidi magoti yaliyopauka na alama za mifuko iliyobanduliwa, kwa sababu hapo ndipo unapoona kwamba uzuri wake ulizaliwa na matumizi.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe. Mfarishi una tabaka tatu, yaani uso wa viraka juu, pamba katikati na bitana chini, na mshono unaopenya tabaka zote tatu ndio unaoishikilia pamba isijikusanye kwenye kona moja baada ya kufuliwa. Kabla hujagusa mkasi, tafuta kipimo cha kitanda chao. Kama ni kile cha ukubwa wa kati kinachouzwa sana hapa Marekani, godoro lake lina upana wa takriban sentimita 152 na urefu wa sentimita 203. Ongeza kama sentimita 30 za kuning'inia kila ubavu na miguuni, na utapata mfarishi wa sentimita 210 kwa 230 hivi. Kama wana kitanda kikubwa zaidi ya hicho, upana wa godoro unafika sentimita 193, na mfarishi uliokata kwa kitanda kidogo utaonekana juu yake kama kitambaa cha meza.

Umeniambia kwamba unapenda mtindo wa pete zilizosukana, ule unaohusishwa na harusi kuliko mitindo yote ya nchi hii. Ni mzuri sana, na historia yake ni ya heshima, kwa kuwa ulienea katika miaka ya 1920 na 1930, wakati wa shida, ambapo wanawake wengi walitumia vipande vidogovidogo vilivyobaki na hata vitambaa vya magunia ya unga na ya chakula cha kuku, ambavyo viwanda vilianza kuvichapa maua kwa sababu vilijua kwamba vitageuzwa nguo. Lakini pete hizo zina mishono ya mviringo na mamia ya vipande vidogo, na kwa mtu anayeshona mfarishi wake wa kwanza, mviringo utamvunja moyo. Chukua viraka vya mraba. Viraka vya sentimita 15, vikiwa 14 kwa upana na 16 kwa urefu, vitakupa sentimita 210 kwa 240, na jumla yake ni viraka 224. Vikate kwa sentimita 16.2, kwa sababu kila upande utakula milimita 6, ambayo ndiyo robo inchi wanayoitumia washonaji wote wa hapa. Usiidharau robo inchi hiyo. Kiraka kikipungua milimita mbili tu, mstari wa viraka 14 utapungua karibu sentimita tatu, nao hautalingana na mstari wa chini yake hata uuvute namna gani.

Kuhusu kitambaa, nitasema bila kuzunguka: pamba tupu, juu, katikati na chini. Fua kila kitambaa peke yake kabla ya kukata, hasa chekundu, na uendelee kukisuuza mpaka maji yatoke safi, kwa maana rangi nyekundu ikichuja juu ya viraka vyeupe ni vigumu sana kuiondoa. Fua pia ili kitambaa kinywee sasa, mikononi mwako, kisije kunywea baadaye juu ya kitanda chao. Pamba ya katikati nayo hunywea kidogo inapofuliwa mara ya kwanza, na uso wa mfarishi hupata mikunjo laini. Hiyo mikunjo usiiogope, kwa sababu ndiyo inayoupa mfarishi ule ulaini wa kitu kilichozoeana na mwili.

Ningependa uweke kanga ndani yake. Rafiki yako alikuwa akiiona kanga yako kila asubuhi chumbani kwenu, na atakapoiona kwenye zawadi yake atajua imetoka kwa nani kabla hajasoma kadi. Kanga ni nyepesi kuliko vitambaa vinavyouzwa hapa kwa ajili ya mifarishi, kwa hiyo itie wanga na uipige pasi kabla ya kuikata, isije ikateleza chini ya mkasi. Mji wa kanga una michoro mikubwa inayofaa kwa viraka vya sentimita 15, na pindo lake linafaa kuzungushwa kama fremu. Lakini kabla ya kukata, soma jina. Zipo kanga nzuri mno kwa rangi ambazo majina yake ni vijembe vilivyokusudiwa jirani au mke mwenza, na maneno ya aina hiyo hayalazwi juu ya maharusi, hata kama wenyewe hawajui Kiswahili. Tafuta jina la dua au la upendo, likate likiwa zima pamoja na nafasi ya kutosha juu na chini, na ulishone mahali linaposomeka.

Kwa bitana vilevile kanga inafaa. Kanga moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa sentimita 110, kwa hiyo doti mbili zikiunganishwa zitakupa takriban sentimita 220 kwa 300. Urefu unatosha na kubaki. Upana ni haba, maana bitana inapaswa kuzidi uso kwa sentimita chache kila upande, kwa hiyo weka ukanda wa rangi moja katikati ya doti hizo mbili.

Wazo lako la kuwashirikisha marafiki wengine nimelipenda kuliko yote uliyoyaandika. Katika miaka ya 1840, kwenye majimbo ya mashariki ya nchi hii kama Pennsylvania na Maryland, ilienea desturi ya kushona mifarishi ya majina, ambapo kila rafiki au ndugu alishona kipande chake, akatia saini kwa wino usiofutika, kisha vipande vyote vikaunganishwa na kupewa bibi harusi au familia iliyokuwa inahamia magharibi ya mbali. Wengi waliotia saini hawakuonana tena na waliowaaga. Ninyi mliomaliza chuo pamoja mmekwisha kutawanyika vivyo hivyo. Watumie kila mmoja kiraka kilichokatwa tayari na kalamu ya kitambaa, na uwape tarehe ya kurudisha iliyo mapema kuliko unavyohitaji. Mwandikie pia mama wa bibi harusi, kwa siri, umwombe shati la zamani la baba yake au gauni la bibi yake lisilovaliwa tena. Hata vipande viwili tu vya nguo za familia hubadilisha zawadi nzima.

Viraka unaweza kuviunganisha kwa cherehani bila kuona haya, kwa sababu mishono hiyo itafuliwa mara nyingi na cherehani huikaza vizuri. Mshono wa tabaka tatu ndio ningetaka uushone kwa mkono. Tandika bitana sakafuni ikiwa imenyooka, weka pamba, weka uso, kisha piga bandi ndefu kwa mistari inayopishana kama sentimita 10, ukianzia katikati kwenda pembeni, ili mikunjo itoke nje. Tumia sindano fupi, vaa subana kwenye kidole cha kati, na ufiche fundo ndani ya pamba. Washonaji hodari huingiza mishono minane hadi kumi katika inchi moja. Wewe utapata mitano, na mitano iliyolingana inapendeza kuliko kumi inayopandana. Shona kidogo kila jioni. Mgongo na macho havina akiba, na ukichoka mishono hurefuka bila mwenyewe kujua.

Najua kwamba watakuja watu kukuambia kuwa kwa saa zote hizo ungeweza kununua blanketi zuri na ukabakiwa na fedha. Fedha za kitambaa na pamba zitatoka, hilo ni kweli, na bei ya mikono haiwezi kukisiwa. Ulipokuwa mdogo nilikuonesha, katika jumba la makumbusho la mifarishi la Paducah, kazi ambazo watu walisafiri mbali kuja kuziona. Huko sikukueleza habari za Harriet Powers, nami nataka uzijue. Alizaliwa utumwani Georgia mwaka 1837, akashona mfarishi wenye visa vya Biblia uliooneshwa kwenye maonesho ya pamba ya mji wa Athens, hukohuko Georgia, mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa alitaka kuununua, naye akakataa. Miaka michache baadaye hali ilipokuwa ngumu aliuuza kwa dola 5, baada ya kutaja dola 10, na baada ya kuuuza alirudi mara kadhaa nyumbani kwa mnunuzi ili auone tu. Leo mfarishi huo uko katika makumbusho ya taifa, Washington. Mtu aliyetoa jasho juu ya kitambaa kiasi hicho hawezi kulipwa ikatosha, na ndiyo maana mimi nimewahi kuombwa mara nyingi kushona kwa malipo na nikakataa, lakini kwa rafiki anayeolewa sijawahi kuhesabu saa. Kama rafiki yako si wa kiwango hicho moyoni mwako, mnunulie sufuria nzuri na umwombee heri, hakuna ubaya. Kama ni wa kiwango hicho, anza.

Upindo wa mwisho uwe wa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kwa sababu ukingoni ndiko mfarishi unakochakaa kwanza, na ukichakaa utabanduliwa na kushonwa mwingine. Nyuma, kwenye kona, shona kitambaa kidogo chenye majina yao, jina lako, mwaka, na maelezo ya kufua: maji baridi, sabuni laini, kuanika kivulini. Yaandike maelezo hayo kwa herufi kubwa, wajue kwamba umewaruhusu kuufua. Usiukabidhi ukumbini kati ya masanduku ya zawadi. Upeleke nyumbani kwao, uutandike mwenyewe kitandani, hata kama harusi itakuwa imepita miezi miwili. Ukichelewa, wape kadi siku ya harusi yenye kipande cha kitambaa kilichobandikwa ndani, waambie mwenzake yuko njiani.

Doti mbili nitakutumia mimi, zile nilizoletewa na shangazi yako kutoka Tanga, nimekwisha kuyasoma majina yake na ni ya kheri. Niletee kwanza kipimo cha godoro, na useme rafiki yako anapenda rangi gani chumbani mwake, ili nijue kama nikupelekee zile za buluu au za manjano.

Ni mimi, mama yako akupendaye.